Miaka Mitatu ya Kupika Nta ya Magari

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, sina kiinua mgongo, na hakuna aliyenifanyia sherehe wala kunipa saa ya ukutani. Lakini miaka mitatu ni miaka. Kila kopo la nta lililotumika kung'arisha magari pale kwa baba mdogo Fokasi, hapa Songea, lilipita kwanza mikononi mwangu. Agnesi na Zuhura, nasikia mmekabidhiwa sufuria zangu mbili na mwiko. Nawaandikia ili msianze kwa kubahatisha kama nilivyoanza mimi. Habari za malipo naziruka, maana ukurasa huo ungebaki mweupe.

Nilianza nikiwa kidato cha kwanza, likizo ya Juni, ile baridi ya Songea inayofanya mtu aoge kwa kujilazimisha. Baba mdogo ndiye mdogo wake baba, na sehemu ya kuoshea magari ni yake. Alikuwa ameona kwenye simu mtu anatengeneza nta ya gari nyumbani, kwa nta ya nyuki na mafuta, bila dawa za kiwandani. Akaja nyumbani kumwomba mama.

"Shemeji, nipe huyu Skola anisaidie. Vijana wangu wana midomo, kesho mji mzima utajua. Huyu hasemi."

Mama akacheka. "Huyu ukimwuliza jina lake anaangalia miguu yake. Mchukue."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Nilisimama pale pale mlangoni, na hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilikuwa nataka, lakini wangeuliza.

Siku ya kwanza niliunguza nyusi. Tapentaini ile ya duka la rangi inashika moto upesi sana, na mimi niliimimina sufuria ikiwa bado juu ya mkaa. Moto ulipanda ukanilamba uso, ukashuka. Beno, muosha magari mwenye maneno mengi kuliko wote, alikuja mbio na ndoo ya maji, akakuta moto umeshajizima.

"Skola! Umejinyoa kwa moto? Saluni gani hiyo, na sisi tuje?"

Nilikaa na nyusi moja mpaka shule ilipofunguliwa. Kwa hiyo la kwanza ni hili: epua sufuria, iweke chini, hesabu mpaka mia, ndipo tia tapentaini. Msihesabu haraka kama watoto wanaocheza kombolela.

Vifaa ni hivi. Sufuria kubwa ya maji na sufuria ndogo inayokaa ndani yake. Nta isiguse moto moja kwa moja, inaungua na kuwa nyeusi, na harufu yake haitoki kwenye nguo hata ufue mara tatu. Mwiko wa mti, ambao haupikii ugali tena maisha yake yote. Kitambaa cha kuchujia, kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa mpaka kikalainika. Makopo ya mafuta ya kujipaka, yale mafupi, yaliyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa. Tone moja la maji likibaki ndani, nta itafanya matundu kama chapati.

Vipimo vyangu ni kikombe kimoja cha nta iliyokunwa, vikombe viwili vya mafuta ya nazi, vijiko viwili vya mafuta ya nyonyo, na nusu kikombe cha tapentaini. Hivyo ni vya miezi ya kawaida. Juni na Julai ongezeni mafuta, la sivyo nta inakuwa ngumu kama sabuni ya mche na vijana watakuja kuwalalamikia kuwa mikono inauma. Oktoba na Novemba punguzeni mafuta, la sivyo itakuwa uji. Baba mdogo atawaambia vipimo ni vyake. Mwacheni aseme. Siku moja mwombeni avitaje.

Aliyenifundisha kazi hii siye yeye. Ni Mzee Abdala, wa Namasakata kule Tunduru. Yeye ana mizinga yake porini, na kila baada ya miezi miwili mitatu alikuwa anakuja kwa basi na kiroba cha nta, mabamba mazito ya njano yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Anatoka stendi kwa miguu, kiroba begani, na hataki kusaidiwa. Nilimwamkia shikamoo mara ya kwanza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Yeye aliisikia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye mpishi? Alhamdulillahi. Nyusi moja imekwenda wapi?"

Alinifundisha kuvunja bamba na kutazama pale lilipovunjika. Nta safi ina chembechembe kama mkate wa mchele uliokatwa. Alinifundisha kunusa: asali, na moshi kidogo. Na alinifundisha kutafuna. Nta ya nyuki ukiitafuna haing'ang'anii meno, unaitema ikiwa kidonge kimoja. Ikishika meno, ikasagika, au ikakuachia utelezi mdomoni, kuna kitu kimechanganywa. Tulikuwa tunakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, mimi na yeye, tunatafuna kama mbuzi, na Beno akipita anasema, "Babu na mjukuu, mkishiba mtuachie."

Mzee hakunilazimisha kuongea. Anaweza kukaa na wewe saa nzima akatoa maneno manne, na hayo manne ni ya kazi. Watu wengine wakiniona nimenyamaza wanadhani nina shida, wananiuliza mpaka machozi yananijia. Kwake nilikuwa napumzika.

Kazi ngumu ya kwanza ninayoikumbuka ni ya harusi. Mwaka ule wa kwanza niliyeyusha nta bila kuiosha vizuri, asali ikabaki ndani. Gari la maharusi, jeupe, Beno alilipaka likawaka kama sahani. Lilipoegeshwa nje ya kanisa jua likalipiga, na nyuki wakaja, wakakaa kwenye boneti, wakakaa kwenye milango, wakakaa kwenye maua ya plastiki. Bibi harusi alitoka kanisani, akaona, akarudi ndani. Mpambe wa bwana harusi alivua koti akawa anapunga, nyuki wakahamia kwenye koti. Mzee Abdala nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wamefuata mali yao!"

Halafu akanionyesha. Unachemsha nta kwenye maji mengi, unaiacha ipoe taratibu mpaka asubuhi, inaelea na kuganda juu kama kifuniko. Unalitoa bamba, unakwangua uchafu ulioshika chini. Unarudia mara ya pili hata kama mara ya kwanza imeonekana safi. Tangu hapo sikuona nyuki tena kwenye gari la mtu.

Kidato cha pili na nusu ya cha tatu zilikuwa siku nzuri. Nakwenda Jumamosi na likizo. Magari yanaingia yana vumbi jekundu mpaka huoni namba, yanatoka unaweza kujitazama mlangoni. Wateja walimsifu baba mdogo, naye alizipokea sifa zote bila kuangusha hata moja. Sikujali sana. Nilikuwa najua wapi nta imetoka na mikono ya nani imeipika, na Mzee alikuwa anajua. Niliona watu wawili wanatosha.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mwaka jana Mzee alichelewa. Mizinga yake iliingiwa na nyegere, akatuma salamu kwa simu ya kijana wake kwamba atakuja Desemba. Huku mwezi wa Novemba watu wanaanza kupendezesha magari kwa ajili ya Krismasi na harusi, na makopo yalikuwa yamebaki matatu. Baba mdogo alikuwa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mnajua tarehe mbili Novemba sisi Wakatoliki tunakwenda makaburini kuwaombea marehemu, na kila kaburi linawashiwa mshumaa. Jumamosi iliyofuata nilikuta viroba viwili jikoni, pale ninapopikia nta. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mishumaa, mamia, vifupi kama vidole, vimeshikamana na nyasi na njiti za kiberiti na udongo mwekundu.

"Rafiki yangu kanipa," baba mdogo alisema. "Changanya nusu kwa nusu na hiyo nta iliyobaki. Nta ni nta."

Nilianza kuchambua. Sikutaka kufikiri, nikawa nachambua tu, utambi huku, majani huku. Halafu nikashika kimoja kilichofungwa chini kwa karatasi ya fedha ya biskuti. Niliifunga mimi. Mshumaa wa bibi ulikuwa hausimami vizuri kaburini, mama akasema tafuta kitu, nikatoa karatasi ya biskuti mfukoni nikaukazia.

Nilikaa na kile kipande mkononi. Baba mdogo alikuwa nje anaongea na mteja. Bibi ni mama yake mzazi.

Nikavua ile karatasi, nikakitia sufuriani pamoja na vingine.

Mtaniuliza kwa nini. Nilikuwa nimezoea kutii, na kutii hakuhitaji kufungua mdomo. Nilichuja mara mbili, mara tatu, kwa ile kanga. Lakini udongo wetu mnaujua. Ukikauka unakuwa laini kama unga wa muhogo, unapita kwenye nguo yoyote, na ndani yake mna mchanga ambao macho hayauoni. Nta ilitoka nyeupe kidogo kuliko siku zote, haina harufu ya asali. Niliitafuna. Ilishika meno.

Nikafunga makopo.

Gari la kwanza lilikuwa la Mama Edita, muuguzi, gari jeusi analolipenda kama mtoto wa mwisho. Vijana walipaka kivulini, wakafuta, wakasugua kwa nguvu kwa sababu ilikuwa inaacha ukungu mweupe kwenye maungio ya milango. Alilichukua. Kesho yake baada ya misa akarudi akiwa bado na nguo za kanisani, akaliweka juani. Gari zima lilikuwa na michirizi ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine, kama utando wa buibui. Mchanga ulikuwa umeikwaruza rangi kila mahali mkono ulipopita.

"Fokasi, hili gari langu au ubao wa kukatia nyama?"

Baba mdogo hakusita hata kidogo. "Mama, na mimi nimeibiwa. Ni yule mzee wa Tunduru. Anatia mchanga kwenye nta ili iwe nzito."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Nilisikia lile neno likitoka, jepesi, kama alikuwa ameliandaa. Nikafikiri, Mzee akija atajieleza mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia mwezi mzima.

Alikuja Desemba, Jumamosi, saa nne asubuhi, watu wamejaa. Kiroba begani, kanzu imeshika vumbi la basi. Alitoa salamu, "Asalaam alaykum, wenyeji." Hakuna aliyeitikia isipokuwa mimi, na sauti yangu mnaijua.

Baba mdogo alichukua kopo, akapaka nta kwenye kioo cha gari lililokuwa karibu, akasugua kwa kidole gumba. Ilikwaruza. Kila mtu alisikia.

"Unasikia, mzee? Hiyo ndiyo nta yako. Umeharibu gari la huyu mama."

Mama Edita alikuwepo, amekaa kwenye benchi. Akatikisa kichwa. "Mzee mzima na kofia yake ya sala. Huogopi Mungu?"

Mzee alitua kiroba. Akachota nta kidogo kwenye lile kopo, akatia mdomoni, akatafuna taratibu, akatemea kiganjani, akatazama.

"Hii si nta yangu. Hii ina mshumaa."

"Mshumaa utoke wapi?" baba mdogo akasema. "Mimi nauza mishumaa?"

"Mzee," Beno akadakia, "huko Namasakata nyuki wanakula mchanga?"

Watu wakacheka. Siyo wote, lakini walitosha. Mzee hakumtazama Beno. Aligeuka akanitazama mimi, pale mlangoni.

"Skola. Mjukuu wangu. Wewe ndiye unayepika. Waambie nini kiliingia kwenye sufuria."

 Watu wote waligeuza shingo, na mimi kitu ninachokiogopa kuliko nyoka ni watu kunitazama kwa pamoja.  Nilitazama mfereji, povu lilikuwa linakwenda na jani la mwembe likawa linazunguka pale pale. Baba mdogo naye alinitazama. Sitasema alinitisha. Alitabasamu, kama mtu aliyeweka kitu chake mahali salama.

Nikasema, "Sijui."

Ningenyamaza tu wangesema ni aibu zangu. Sikunyamaza. Siku moja katika miaka mitatu niliongea mbele za watu, na nililosema ni hilo.

"Haya," Mzee akasema. Akainama, akapandisha kiroba begani, mara ya kwanza kikamteleza, mara ya pili kikakaa. Akaondoka kuelekea stendi.

Mchana baba mdogo aliniletea chipsi mayai na soda. "Wewe ni mwanangu kweli," akasema. Nilikula. Nimejiahidi kuandika ukweli, basi ukweli ni kwamba nilikula zote, na nilikunywa soda mpaka mrija ukalia.

Habari ilitembea kuliko nilivyofikiri. Fundi viatu aliyekuwa anachukua kwa Mzee nta ya kupaka uzi aliacha. Masista waliokuwa wananunua kwa ajili ya mishumaa mikubwa ya Pasaka walitafuta mtu mwingine. Mji mzima wa Songea hakuna aliyetaka nta ya "yule mzee wa mchanga". Nilisikia hilo jina sokoni, linatajwa na mtu ambaye hata hajawahi kumwona. Januari nikamwambia mama kwamba kidato cha nne ni kigumu, nahitaji kusoma. Ndivyo nilivyostaafu. Baba mdogo alisema sawa, akawatafuta ninyi.

Wiki iliyopita mama alinituma stendi kupokea mzigo kutoka Mbinga. Nilimwona Mzee Abdala amekaa juu ya kiroba chake, anasubiri basi la Makambako. Nta anaipeleka huko sasa, siku nzima nyingine barabarani, kwa umri wake. Miguu yangu ilitaka kugeuka. Niliivuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Skola. Masomo?"

"Babu, ilikuwa mishumaa." Nilisema haraka, kabla sijapoa. "Ya makaburini. Baba mdogo aliileta, mimi nikaiyeyusha. Mchanga ulitoka huko. Nilikuwa najua siku ile uliponiuliza."

Alikuwa anakaza fundo la kamba. Aliendelea kulikaza.

"Najua."

"Unajua?"

"Nilitafuna, mjukuu wangu. Nimetafuna nta tangu sina ndevu. Nishindwe kujua mshumaa?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo mwanafunzi wake alitakiwa awe analijua.

"Sikukuuliza ili nijue mimi. Nilikuuliza ili wao wasikie."

Kondakta akawa anaita Makambako, Makambako. Mzee aliinuka, safari hii akaniacha nishike upande mmoja wa kiroba mpaka kwenye buti la basi. Kilikuwa kizito. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Umeniambia mimi. Ahsante," akasema, na akapanda.

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Nilipoanza daftari hili nilipanga kuliweka chini ya vitambaa kwenye boksi la vifaa, mlikute wenyewe, mlisome kimyakimya. Nimeandika siku nne, na leo nimeona kwamba huko nako ni kumwambia mtu pembeni. Ninyi hamkumcheka Mzee. Waliocheka ni wale wanaokuja Jumamosi saa nne. Mama Edita huleta gari saa hizo hizo, Beno yupo, baba mdogo yupo.

Kwa hiyo daftari sitalificha kwenye boksi; Ijumaa nitawapa mlisome, mnirudishie jioni. Jumamosi nitakuja nalo na nitalisoma mwenyewe, kuanzia pale pa viroba viwili, na jina la bibi nitalitaja. Nikianza kutetemeka msinishike mkono, nitalia nishindwe kuendelea. Sauti yangu ni ndogo. Mkiniona nimefungua daftari, zimeni mashine ya maji.